Kasa Niliyemchora Amemfungia Mavyaa Wangu Ndani

Admin, jina langu lifiche. Mtaa taja tu Ngamiani, Ngamiani kubwa.

Asalaam aleikum wapendwa, na wa Bwana asifiwe pia msinipite. Nina miaka ishirini na nane, nimeolewa, mtoto bado sijajaaliwa. Kazi yangu kuchora. Najua mtasema, hiyo nayo kazi? Hata mama yangu mzazi alisema hivyo hivyo. Naishi na mume wangu na mavyaa wangu, yaani mama yake, nyumba moja. Na nisisikie mtu akisema mavyaa wangu mbaya! Mimba iliponiharibikia, huyu mama ndiye aliyenikanda, akanipikia uji, akawafukuza mlangoni waliokuja kunichunguza. Mguu wake wa kulia una ulemavu tangu utotoni, anauburuza. Ukimwonea huruma anakwambia, "Mdogo mdogo, nitafika." Na kweli anafika.

Sasa kuna jamaa wa Dar wanaotengeneza katuni, wakaniomba niwabunie wanyama wa kipindi cha watoto. Nikabuni mji wa wanyama kando ya mikoko. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, nikamfanya ngedere mwenye miwani ya jua, maana shemeji ni mtani wangu, akinuna shauri yake. Mavyaa hataniwi, hilo nalijua, nimelelewa. Lakini mama huyu kwao Mkwaja, na aliwahi kunisimulia kasa anavyopanda ufukweni kutaga, anajikokota mpaka unamsikitikia, "lakini akishayagusa maji, mwanangu, humwoni tena." Maneno yale yakanikaa. Nikachora bibi kasa, muuza vitumbua, anaburuza mguu mjini na wadogo wanamcheka. Mwisho wa hadithi mafuriko yanaingia mjini, na yeye ndiye anayewabeba wote mgongoni. Wallahi nilimchora kwa mapenzi.

Wale jamaa wakatoa mtandaoni kipande kifupi cha majaribio. Bibi kasa anatembea, anasema "Mdogo mdogo, nitafika," na watoto wa ngedere nyuma yake wanamwigiza. Basi, kimeishia hapo. Maji hayajaja. Shemeji naye kwa kiherehere chake akakiweka statasi: "Ngedere ni mimi, kanichora shemeji!" Haya, Ngamiani ukishawaambia ngedere ni nani, watashindwa kumjua kasa?

Watoto wa mtaa wakaanza. Mavyaa akitoka kwenda sokoni, wao nyuma, miguu wanaiburuza, "Mdogo mdogo, nitafikaaa!" Mara ya kwanza alicheka nao. Mara ya pili alirudi na kikapu kitupu, akavua baibui, akaingia chumbani kwake. Tangu hapo hatoki. Juzi jirani kafiwa na mumewe, mavyaa hakwenda msibani. Watu wa pwani mnajua kutokwenda msibani kwa jirani maana yake nini. Nikaenda peke yangu, nikawasikia wanawake jikoni wakisema anaringa siku hizi, mkaza mwanawe kamtoa kwenye simu.

Mume wangu ndiyo usiseme. "Mama yangu mzazi unamfanya kobe?" Na mdomo wangu huu nikamjibu, "Si kobe, ni kasa." Weee! Tangu siku ile tunalala mgongo kwa mgongo. Kasema nimtoe yule mnyama au nirudi kwetu Muheza.

Nikawapigia wa Dar. "Dada, bibi kasa ndiye kipindi chenyewe, watu wanamtaka yeye. Mkataba ulishasaini, ukijitoa atamchora mtu mwingine." Mwingine! Asiyejua hata kwa nini anauburuza ule mguu. Jamani, nilihisi nimebanwa na mlango.

Jana nikaona nimweleze mwenyewe. Nikampa shikamoo, nikapiga magoti, nikamwambia, mama, mwisho wake anaingia majini, wote waliomcheka anawaokoa yeye. Alikuwa anachagua mchele, hakuinua uso.

"Hayo maji yatakuja lini?"

"Labda mwakani mama, Mungu akijaalia."

Nilitaka anitukane, wallahi, ningepumua. Akapepeta mchele wake, kisha akasema, "Kazi yako sikukatazi, mwanangu. Nakuomba kitu kimoja tu. Mchore amekaa. Asitembee tena."

Nimelia mpaka macho yamevimba. Leo nikawauliza wale jamaa, wakasema kukaa anaweza kukaa, tena ni rahisi zaidi kwao, awe anauza vitumbua vyake mlangoni siku zote. Ila akikaa siku zote hawezi kuwabeba wenzake, kwa hiyo hadithi ya mafuriko inafutwa, watabuni nyingine. Ijumaa wanataka michoro.

Wapendwa, nikimkalisha, mavyaa atapata alichoniomba na mume wangu ataniangalia tena. Lakini ndiyo basi, kile kipande kitabaki kwenye simu za watu, anaburuza mguu na kuchekwa, na maji hatayafikia maisha. Nikimwacha atembee, huku nyumbani mwenyewe amejifungia, na ndoa yangu sijui kama itayasubiri hayo maji. Tafadhali msiniandikie "subira dada," subira ninayo tele. Karatasi iko mbele yangu, nimeshachora gamba na kichwa. Miguu bado. Niambieni, niichore vipi?