Siku Tatu za Mwisho Mashuani na Wakwe

Tulikwenda Ugiriki kwa sababu ya binti yetu, ingawa yeye mwenyewe hakusafiri. Neema na kijana aitwaye Erik walikuwa wamekaa pamoja Hallunda, huku kwa Waswidi tunakoishi, miaka miwili, na harusi ya kanisani ilikuwa imepangwa Juni inayofuata. Wazazi wa Erik, Lennart na Gunilla, wakaona ni vizuri sisi wazazi wanne tufahamiane. Kwa Waswidi wa umri wao, kufahamiana maana yake ni kupanda mashua. Wakakodi moja ya matanga huko Athens kwa wiki nzima, wakatualika.

Mimi nilikubali kwa udhaifu. Nimezaliwa Songea, na maji mengi kuliko yote niliyoyajua utotoni yalikuwa bwawa la misheni. Lennart alijua tu kwamba Tanzania ina pwani, akaamini kwamba bahari ninaijua. Sikumsahihisha. Mwalimu wa historia kama mimi, wa shule ya watu wazima, hashukiwi mara nyingi kuwa na ujuzi wowote wa mikono, na nilitaka kuufaidi ule uzushi kidogo.

Mke wangu, Stella, alikuwa na sababu halisi. Kwa miaka miwili alikuwa akingoja watu hawa waje kumwomba binti yetu. Kwetu posa huletwa na mshenga, mtu mzima wa kuaminika, anayesimama mbele ya wazazi na kusema kwa kinywa chake kwamba ukoo fulani unamtaka binti wa nyumba hii. Hilo halikufanyika. Erik alimvisha Neema pete kwenye ufukwe wa ziwa, Neema akatutumia ujumbe kwa simu, nasi tukanunua keki. Kaka yake Stella, Thadei, aliyeko Songea, alipopata habari aliuliza swali moja: "Kwani msichana ameokotwa?"

Tangu siku hiyo Stella alikuwa na msimamo. Wakija kuomba, yote sawa. Wasipokuja, kanisani hatakaa kiti cha mama, na Thadei hatatia saini karatasi yoyote ya kuombea viza ya kuja harusini.

"Waambie basi," mtu atasema. Lakini huwezi kumwomba mtu aje akuombe. Ukishamwagiza, heshima yote imetoka. Ndivyo nilivyomweleza Stella, na nilijisikia mwenye busara sana. Tukakubaliana kwamba wiki nzima ndani ya chombo cha mita kumi na mbili ingewapa Lennart na Gunilla nafasi ya kutosha kufungua mdomo wenyewe.

Siku nne za kwanza zilipita hivi: tulitoka nyumbani kwetu Rissne alfajiri, tukaruka kutoka uwanja wa Arlanda, tukapokea mashua, tukazunguka visiwa, tukala pweza. Hakuna aliyefungua mdomo.

Jumatano asubuhi, kisiwa cha Hydra. Niliamshwa na Lennart akiruka majini. Alikuwa akiogelea kila asubuhi kama alivyozaliwa, akizunguka mashua mara tatu, kisha anapanda ngazi ya nyuma akisema habari za asubuhi kwa upole mkubwa. Kwa sababu hiyo Stella hakuwa akitoka chumbani hadi nimgongee mara mbili kumjulisha kwamba mkwe amevaa.

"Zimebaki siku tatu, Baba Neema," aliniambia kutoka chini ya shuka.

"Najua."

"Mwanamume nimemwona mgongo wake, nimemwona mapaja yake. Mdomo wake bado."

Ugumu wa kuishi na wakwe mashuani ni kwamba hakuna mahali pa kuficha chochote. Choo kilikuwa kimoja, cha kusukuma kwa pampu ya mkono, na kwa kuhesabu mapigo ya pampu kila mtu alijua mwenzake aliingia kufanya nini. Stella, ambaye katika miaka yetu yote ya ndoa hakuwahi kula mbele ya baba yangu, alilazimika kupita magotini pa Lennart akienda huko.

Saa nne nilifanya jaribio langu kubwa. Tulipokuwa tukinywa kahawa nikaanza kusimulia, kana kwamba imenijia tu, jinsi baba yangu mdogo alivyokwenda kuniombea Stella. Nilieleza alivyovaa koti la kuazima, alivyokalishwa barazani saa mbili bila kuulizwa shida yake, na alivyojibiwa kwamba wamesikia, arudi baada ya mwezi. Nilisimulia vizuri, nadhani. Lennart alisikiliza kwa furaha, mikono juu ya magoti.

"Hiyo ni desturi nzuri sana," alisema. Kisha akaniuliza kama nimekiona kisu cha jibini.

Alhamisi, safari ya kwenda kisiwa cha Egina. Upepo ulikuwa wa kaskazini na sisi tulikuwa tunakwenda kaskazini. Sitaeleza yaliyonipata mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeaminiwa kuwa mtu wa pwani. Yatosha kusema Lennart aliniondoa kwenye usukani, akanipa kamba ya kushika, kamba ambayo baadaye niligundua haikufungwa kwenye kitu.

Stella alilala sakafuni karibu na mlingoti, mahali ambapo mashua haitikisiki sana. Alitapika kuanzia saa tatu hadi saa nane. Gunilla alikaa naye muda wote. Alishika beseni, akalimwaga, akalisuuza, akalirudisha. Alilowesha kitambaa akampangusa uso na shingo, akamfungua vifungo vya blauzi vilivyombana, akamfunga kilemba upya, vibaya. Alikuwa mwalimu wa chekechea kabla ya kustaafu na alimwimbia wimbo mmoja wa watoto wa Kiswidi, uleule, kwa saa tano. Nilimsikia Stella akijaribu kumzuia: "Mama Erik, acha, tafadhali. Ni aibu." Naye akajibu kwamba hakuna aibu, ni bahari.

Jioni, mashua ikiwa imefungwa gatini na ardhi imetulia, nilimwuliza Stella anajisikiaje.

"Yule mama ni mwema," alisema. "Hata dada yangu mwenyewe asingenifanyia hivyo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nini? Hajaomba."

Tulikwenda kula kwenye mgahawa mdogo nyuma ya soko la samaki. Mwenye mgahawa, mama mnene mwenye aproni yenye madoa ya nyanya, alituletea pistachio, njugu za kisiwa hicho, kabla hatujaagiza. Akatuangalia mmoja mmoja, weupe wawili na weusi wawili, akauliza kwa Kiingereza chake kama sisi ni marafiki au watalii wa kundi moja.

"Familia," Lennart akajibu, upesi, kama mtu anayetaja jina lake.

Mama akafurahi, akaenda kuleta divai. Stella akaweka pistachio aliyokuwa ameshika mezani. Akaniambia kwa Kiswahili, huku akimtabasamia Gunilla: "Familia. Nani kamwambia? Kaingia mlango gani?" Hakula tena. Gunilla alidhani ni tumbo bado, akamwagizia wali mweupe.

Ijumaa asubuhi, njia ya kurudi Athens. Bahari ilikuwa imelala kama shuka iliyopigwa pasi. Hapakuwa na upepo wa kujaza leso, kwa hiyo tulikwenda kwa injini. Kina mama walijilaza chini. Lennart alinipa usukani, nadhani kwa huruma, akakaa kando yangu na darubini yake.

Niliona majengo ya Athens yakianza kuonekana, meupe, mengi, na nikapiga hesabu kwamba zimebaki saa tatu. Baada ya hapo kungekuwa na mabegi, teksi, uwanja wa ndege, na Stella akimpigia Thadei. Nilimfikiria Neema akitembea kanisani na kiti cha mbele kitupu. Nikasema, bila mpango wowote, nikitazama dira:

"Lennart, kuna jambo. Hamjamwomba Neema."

Nikamweleza. Safari hii sikuweka koti la kuazima wala baraza. Nilisema kwamba mke wangu anangoja mtu aje nyumbani kwetu aseme kwamba mnamtaka binti yake, kwamba kaka yake anangoja hukohuko Songea, na kwamba asiposikia hivyo hatakuja kanisani kama mama.

Lennart aliifuata kwa darubini meli moja ya mizigo iliyotia nanga, omo hadi tezi.

"Gunilla alinikataza kabisa nisitaje harusi," alisema. "Wiki nzima. Alisema ni uamuzi wa Neema na Erik, na sisi wazee tukiuzungumza tutaonekana tunajiingiza. Kwamba ninyi mngeona tunamgawana mtoto wenu kama samani." Akashusha darubini. "Nilifikiri tunawaheshimu."

"Mlikuwa mnatuheshimu. Sisi tulifikiri mnatudharau."

"Na wewe umejua kwa siku ngapi kwamba ulipaswa kuniambia?"

"Miaka miwili."

Alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile na mtu mwenye kofia ya kitambaa cha taulo. Hakuwa amekasirika. Alikuwa akinihurumia, na hilo lilinichoma zaidi, kwa kuwa ndipo nilipoona wazi. Ile hoja yangu ya heshima isiyoagizwa nilikuwa nimeipamba vizuri sana, lakini ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa kuonekana mtu wa zamani mbele ya mhandisi mstaafu, niliogopa atatabasamu. Nilikuwa nimemwacha mke wangu abebe mila peke yake ili mimi nibaki msomi.

"Kwa hiyo nije kuomba," alisema Lennart. "Nisemeje?"

"Wewe husemi. Anasema mtu mwingine kwa niaba yako."

"Nani?"

"Siwezi kuwa mimi."

Hapo sauti ikatoka miguuni petu. Kila mashua ina dirisha la juu la kuingizia hewa, na letu lilikuwa wazi tangu asubuhi.

"Mwambie Baba Erik wasije na divai," Stella alisema kwa Kiswidi, kutoka chini. "Waje mchana, Jumapili, baada ya kanisa. Na wavae."

Kisha tukasikia Gunilla, ambaye kumbe naye alikuwa macho. Alikuwa akilia, na akisema maneno yaliyokatikakatika: kwamba anampenda Neema, kwamba alimpenda tangu siku ya kwanza alipowaoshea vyombo bila kuulizwa, kwamba alidhani wanajua. Stella akamjibu taratibu: "Ningejuaje, Mama Erik? Hukusema." Sikusikia yaliyofuata kwa sababu Lennart alinishika mkono na kunionyesha kwamba nilikuwa naelekeza mashua kwenye boya.

Mchana, bandarini. Mara tu kamba zilipofungwa Lennart alishuka gatini na simu yake ya vitufe. Kabla ya kustaafu alikuwa mhandisi wa ghala la mizigo huko Märsta, na kati ya watu aliofanya nao kazi kulikuwa na Mkongo mmoja wa Uvira, Mzee Kalume, mtu wa kanisa. Niliwaona wakizungumza robo saa nzima, Lennart akitembea huku na huku kati ya mapipa ya takataka. Aliporudi alikuwa na karatasi yenye orodha ya mambo aliyoagizwa.

"Amesema ni heshima kwake kusema kwa niaba yetu," aliniambia. "Amesema pia nilipaswa kumpigia miaka miwili iliyopita."

Jumamosi, nyumbani. Arlanda kulikuwa na mvua. Wakwe walishuka kwenye treni kabla yetu, na Gunilla akamkumbatia Stella kwa muda mrefu hadi kengele ya mlango ikalia.

Jumapili, saa nane mchana, Rissne. Walikuja wanne: Lennart na Gunilla, Erik mwenye tai iliyofungwa kwa mkono usio wake, na Mzee Kalume mwenye suti ya kahawia. Neema tulimweka jikoni, kama inavyotakiwa, naye alitii huku akituambia kwa Kiswidi kwamba tumerukwa na akili. Stella aliwakalisha. Hakuwapa hata maji. Alipiga namba za kadi ya simu, akamwita Thadei, akabonyeza spika, akaweka simu katikati ya meza.

Mzee Kalume akasimama.

"Miye naitwa Kalume, mutu ya Uvira. Hawa bazungu ni batu bangu, nawajua, ni batu ya amani. Tulisikia kama humu mu nyumba muko binti mwenye anaitwa Neema. Kijana yetu alimuona, na roho yake ikabakia hapa. Njo maana tumekuja. Hatukuje kwa kiburi. Tulichelewa, na kuchelewa kwetu tunakuombea musamaha, kwa sababu baba ya kijana hakujua njia, na wenye walijua hawakumuonesha."

Hapo alinitazama mimi. Nikaangalia zulia.

Alipomaliza aliketi. Erik alinitazama, Gunilla alimtazama Stella. Lennart akaanza kuinuka, karatasi yake mkononi, nadhani akiona kwamba sasa ni zamu yake.

"Kaa, Baba Erik," Stella alisema. Akaisogelea simu. "Kaka, umesikia?"

Sauti ya Thadei ilifika kutoka Songea na mikwaruzo yake. Alisema laini ilikuwa inakatika, amepata mwisho tu; mwanzo hakuupata.

Stella aliketi wima. Alikuwa amevaa kitenge alichokuwa amekitunza kwa siku kama hiyo, na sikumbuki kumwona ametulia vile tangu tuhamie nchi hii.

"Rudia, Mzee Kalume," alisema. "Tangu mwanzo. Polepole."

Mzee akarudia, na mara ya pili ilikuwa ndefu zaidi. Aliongeza habari za ukoo wa Lennart ambazo Lennart mwenyewe asingezitambua. Lennart hakuelewa neno hata moja. Alikaa na mikono juu ya magoti, na kila aliposikia jina la Neema aliitikia kwa kichwa.