Nilikata mkorosho ili bati langu lionekane barabarani: yaliyonikuta Vihingo enzi za Mwingereza

Wakuu, poleni na jasho.

Nimesoma ule uzi wenu, watu wa Kibaha, wa kulalamika joto la Februari, AC inanguruma mchana kutwa na umeme unaisha kabla ya wiki. Nikacheka peke yangu mpaka nikakohoa.

Nina umri ambao daktari akiusoma kwenye cheti huinua macho kunitazama upya. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, kwa hiyo nivumilieni. Na nitakayosema ni kweli tupu. Mke wangu angekuwepo angewaambia mabaya zaidi.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Mimi mwalimu kijana wa shule ya misheni, kule Vihingo, Kisarawe. Nina mke, Rebeka, mzaliwa wa Pangani. Pangani ya Kibaha, msiende Tanga. Nina binti wa miezi minne, Neema. Nina kalamu mbili mfukoni ingawa moja haikuwa na wino.

Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, paa la makuti lililoshuka mpaka karibu na kiuno cha mtu. Kati ya ukuta na paa palikuwa na uwazi, upepo unaingia huku na kutokea kule. Pembeni mkorosho mkubwa, kivuli chake kinafunika nusu ya nyumba. Mchana wa jua kali unaingia ndani, unasikia kama umevuliwa mzigo.

Lakini mimi ni msomi, wakuu. Msomi analalaje chini ya makuti?

Nilikuwa nimeiona nyumba ya Mzungu pale bomani Kisarawe. Bati linang'aa ukiwa mbali. Basi nikaapa.

Mabati yakaja kwa lori, kisha kwa vichwa vya watu. Makuti yakashushwa. Ule uwazi wa juu ya ukuta nikauziba kwa udongo, maana niliona ni ushamba. Madirisha nikayafanya madogo, ya mbao, ya kufunga kwa komeo.

Halafu nikagundua jambo baya: mtu akipita barabarani hawezi kuliona bati. Mkorosho unaziba.

Nikaukata.

Rebeka alisimama mlangoni na mtoto mgongoni akitazama. Akaniuliza, "Baba Neema, sasa mchana mtoto nitamlaza wapi asipate jua?"

Nikamjibu kwamba maendeleo hayana kivuli. Nakumbuka maneno yale mpaka leo na yananitia haya mpaka leo.

Ilikuwa Novemba. Desemba ikaingia, kisha Januari.

Wakuu, ile haikuwa nyumba tena. Saa sita mchana bati linalia tah! tah! kama mtu anavunja vidole. Maji ya mtungini, yale ya kunywa, ungeweza kuyakorogea uji. Mshumaa niliouweka dirishani ulipinda ukainamisha kichwa.

Nikaanza kuchota maji kisimani na kulimwagia bati. Ndoo kwa ndoo, mwalimu mzima na kaptula yangu. Mvuke unapanda, bati linapiga kelele, baada ya dakika kumi limekauka.

Jirani yangu mzee Mgeni, mkulima wa mihogo, akapita na jembe begani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Chai ikiiva utuite."

Akaenda zake. Hakucheka hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma.

Rebeka akahamia jikoni na mtoto. Jiko letu lilikuwa kibanda cha nje, makuti juu, pembeni fito tupu. Yaani jikoni kwenye moto kulikuwa na ubaridi kuliko chumbani kwangu. Mimi nikabaki ndani na heshima yangu, tunatoka jasho wote wawili.

Sasa ikaja habari kwamba mkaguzi wa shule, Mzungu, atapita, na ataitazama nyumba yangu. Nilimwambia Rebeka akae ndani na mtoto, tuonekane watu wa nyumba ile. Nikamwambia amvishe Neema ile sweta ya sufu aliyopewa ubatizoni. Nikafunga madirisha vumbi lisiingie.

Februari. Saa saba mchana. Sweta ya sufu.

Mkaguzi akafika na kofia yake ngumu na soksi za magotini. Akaingia, akageuka, akatoka. Nadhani hata pumzi hakuvuta. "Nyumba nzuri sana, mwalimu," akasema kwa Kiswahili chake, huku anajifuta shingo. Kisha akabeba kiti mwenyewe, akaenda kukaa wapi? Jikoni. Chini ya makuti yangu ya ushamba. Akaandika humo ripoti ya kulisifu bati.

Nilikuwa nimesimama mbele yake nimevimba kwa majivuno kama kibofu, ndipo Rebeka akatoka ndani.

"Mwalimu," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo. "Mtoto hanyonyi."

Neema alikuwa amelegea, kichwa kimeanguka begani kwa mama yake. Mwili unawaka, macho nusu yamefungwa. Mdomo mkavu. Nilimwita jina, hakugeuka.

Rebeka alimvua ile sweta akaitupa chini miguuni pangu. Akaingia naye jikoni, akampitia Mzungu kama anapita gogo, akamlaza kwenye mkeka na kumfuta kwa khanga iliyolowa. Akamkamulia maziwa mdomoni tone kwa tone. Mkaguzi akaaga haraka. Mimi nilikuwa nachota maji, naleta, nachota tena, na safari hii si ya bati.

Jua lilipokaribia kuzama mtoto akalia. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile.

Asubuhi Rebeka akafunga mzigo akaenda kwao. Sikumzuia.

Wiki chache baadaye barua ikaja. Nyumba yangu imeteuliwa kuwa nyumba ya mfano. Walimu wa shule za jirani watakuja kujifunza.

Siku ile saa sita niliingia ndani, nikafunga mlango, nikalala pale alipokuwa amelazwa Neema. Nilitaka nijue. Nilitoka kabla sijahesabu mia tatu.

Kesho yake nikaenda Pangani. Mama mkwe wangu, kwa heshima za kwetu, hasemi na mkwewe uso kwa uso. Alikaa nyuma ya ukuta akamtuma binti yake kwa sauti ambayo kijiji kizima kiliisikia.

"Rebeka, mwulize mumeo, mjukuu wangu alikuwa muhogo, hata aokwe?"

Kabla sijafungua mdomo akaendelea.

"Mwambie akajenge paa la kulaza watu. La kutazamwa na wapita njia akamjengee mwenye soksi."

Nikarudi. Mzee Mgeni akanisaidia kusuka makuti. Nikabomoa udongo wa juu ya ukuta, nikapanua madirisha.

Nipo juu ya paa nang'oa bati la tatu, nikaona watu wanakuja na viatu mkononi. Walimu watatu, wametembea kutoka Kurui.

Mmoja akauliza, "Mwalimu, samahani, nyumba ya mfano ni ipi?"

"Ndiyo hii," nikasema. "Mmefika wakati mzuri. Shikeni ncha ile."

Wakashika. Tulishusha mabati yote pamoja, nikawaeleza kila kitu huku tunashusha, hata sweta. Mmoja wao alikuwa tayari ameagiza ya kwake. Huyo sikumwona akicheka siku ile.

Nilipata barua kali kutoka juu. Nilisomewa mbele ya wenzangu kama mfano wa mwalimu asiyetaka kuendelea. Rebeka akarudi. Alimlaza Neema ndani mchana, mtoto akalala muda mrefu mpaka nikaenda kuweka kidole chini ya pua yake.

Funzo wakuu? Mimi niliiga bati la Mzungu, sikuiga baraza lake pana, dari lake, wala miti aliyoiacha. Ninyi leo Kibaha mnafyeka kiwanja chote, mnasakafia uwanja mzima, mnaweka vioo vya bluu visivyofunguka, paa halina hata kivuli cha kumsitiri kuku. Kisha mnanunua mashine ya kuwarudishia upepo mlioufungia nje, na mnaulaumu umeme.

Kama una kitoto ndani, kesho saa saba zima kila kitu, ulale dakika tano pale kinapolala. Halafu njoo utuambie ulichokiona. Wenye vioo vya bluu naomba mtangulie, sina haraka.