Koti la Bucha kwenye Mtihani wa Kemia

Walisema sitaweza. Baba mdogo, aliyenilea Butiama baada ya baba kufariki, alisema kichwa changu kimeumbwa kwa ajili ya kuvalia kofia tu. Mwenye bucha wa Kiabakari alisema siku nitakayofaulu kemia ng'ombe wake watataga mayai, naye ataacha kuuza nyama auze mayai ya ng'ombe. Watu waliokuwa bucha walicheka mpaka wakashikana mabega. Nilikuwa pale pale, nimekuja kununua nusu kilo, nikacheka nao kwa sababu sikujua pa kuuweka uso wangu.

Leo stashahada yangu ya maabara imetundikwa sebuleni kwangu Musoma, ndani ya fremu ya kioo niliyoichagua mwenyewe, na mgeni akiingia namkalisha kwenye kiti kinachoitazama. Sioni aibu kusema hivyo. Hakuna aliyenishika mkono kunipeleka pale. Lakini mtu asidhani niliipata kwa ushujaa. Niliipata nikiwa na hofu toka unyayoni hadi utosini, na hofu yenyewe ilianza na maji.

Nilikuwa kidato cha pili. Mwalimu wa kemia aliandika ubaoni kwamba haidrojeni ikiungana na oksijeni tunapata maji. Akasema, "Sawazisheni mlinganyo huo," kisha akaanza kupita katikati ya madawati, fimbo ikigonga suruali yake. Huyo hakuwa na desturi ya kuita majina. Alikuwa anasimama nyuma yako na kunyamaza, nawe unajua. Siku hiyo alisimama nyuma yangu.

Mbele ya ubao chaki iliteleza kwa jasho. Upande wa kushoto niliona oksijeni mbili, upande wa kulia moja. Nikaona dawa yake ni rahisi: nikaandika kijinamba 2 chini ya ile O ya maji. H₂O ikawa H₂O₂. Hesabu ikakaa sawa pande zote mbili, nikageuka nikitabasamu.

"Mwenzenu amewaletea maji," mwalimu aliliambia darasa. "Nani ana kiu?"

Akatutazama mmoja mmoja.

"Afadhali msinywe. Hayo si maji tena. Hayo yatawachoma koo, yatawachoma tumbo, tutawazika hapo nje."

Nilichapwa, na fimbo niliisahau. Kilichobaki ni yale maji. Sikuelewa kosa langu lilikuwa wapi, na hilo ndilo lililonitisha zaidi: kwamba unaweza kuhesabu vizuri, ukatabasamu, kumbe umetengeneza sumu. Tangu hapo kila nilipoona ule mshale wa katikati ya mlinganyo, nilifunika daftari. Nikawa naruka maswali yote yenye mshale. Kidato cha nne nilipata F ya kemia, na matokeo mengine yakaifuata huko huko chini.

Nilibeba magunia ya dagaa mwaloni Musoma, kandoni mwa ziwa, kwa miaka kadhaa. Kisha nikaugua malaria, nikapelekwa zahanati, nikamwona mtu wa maabara. Alivaa koti jeupe, akainama kwenye hadubini, akaandika kitu kwenye karatasi, na hata daktari hakubishana naye. Nilitaka kuwa mtu wa namna hiyo, mtu ambaye akisema, jambo limekwisha. Nikauliza chuo kinataka nini. Wakaniambia kwanza kemia.

Nilikwenda Butiama kuomba ruhusa, maana ng'ombe aliowaacha baba walikuwa chini ya baba mdogo, na yeye alikuwa ananisubiri nikachunge.

"Nakukopesha mwaka mmoja," aliniambia. "Nitaajiri mtu wa kuchunga. Ukifeli, unarudi hapa, unashika fimbo ya ng'ombe, na neno shule nisilisikie tena mpaka mnanizika. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Na usifikiri mwaka wangu ni wa bure."

Nikahamia Guta kwa shangazi. Aliniazima baiskeli yake ya kwendea shambani, nami kila siku mchana niliendesha hadi Kabasa, kwenye chumba kimoja cha masomo ya wanaorudia mtihani. Wenzangu walikuwa wadogo, wakaniita mzee tangu siku ya kwanza. Mwalimu naye alikuwa dada mdogo kwangu kwa umri. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, tayari kuondoka.

Wiki ya pili akaandika ubaoni ule ule mlinganyo wa maji. Niliinama kana kwamba nafunga viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

"Kaka wa nyuma," akaniita. "Njoo utusaidie."

Nilikwenda. Naapa mkono ulifanya wenyewe. Ukaandika kile kile kijinamba, mahali pale pale. Nikakaza mgongo kusubiri fimbo.

"Kaka, kwenu mnafugaga?"

"Tunafuga, mwalimu."

"Zizini kuna ng'ombe mmoja. Miguu mingapi?"

"Minne."

"Mimi nataka miguu minane. Unafanyaje?"

"Naleta ng'ombe wa pili."

"Humwongezei huyo mmoja miguu mingine minne?"

Darasa likaangua kicheko. Kijana mmoja akapiga kelele, "Mzee, huyo atakuwa nge!"

"Basi mbona maji unayaongezea miguu?" mwalimu akauliza, naye anacheka, lakini hakunicheka mimi. "Kijinamba cha chini ni mwili wa kitu. Usikiguse. Ukipungukiwa, lete kingine kizima. Andika namba kubwa ya mbele."

Niliandika 2 kubwa mbele ya H₂O. Sasa haidrojeni zikawa nne kulia na mbili kushoto, nikaogopa tena, nikaona nimeharibu. Nikaandika 2 nyingine mbele ya H₂. Nikahesabu. Nikahesabu tena. Maji yalibaki maji.

Ningependa kusema hofu iliisha siku hiyo. Haikuisha, ilihama tu. Zamani niliogopa kwa sababu sikujua. Sasa niliogopa kwamba najua, na kwamba siku ya mtihani mkono utafanya tena wenyewe. Mwalimu aliniazima kitabu chake, nikasawazisha kila mlinganyo uliomo: chuma na kutu, chokaa na moto, zinki na tindikali. Nilipokuwa naendesha baiskeli nilihesabu atomu kwa sauti, na wanawake wa Guta waliokuwa shambani wakamuuliza shangazi kama nimerogwa.

Mtihani wa vitendo ulikuwa Musoma, na bila koti jeupe huingii. Mtu pekee niliyemjua mwenye koti jeupe alikuwa yule wa bucha.

"Kumbe na ninyi mnavaaga kama sisi?" alisema. Alicheka hadi akakohoa, kisha akalitoa msumarini. "Chukua. Likiungua na tindikali, unalilipa. Na Jumamosi nachinja, nalitaka."

Shangazi alilifua kwa sabuni nyingi. Harufu ya mafuta ya nyama haikutoka, na doa la mfuko wa kushoto likazidi kuonekana. Mlangoni msimamizi alinisimamisha.

"Hii ni damu?"

"Ya ng'ombe, mwalimu. Koti nimeazima bucha."

Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Mzee, nipimie maini robo." Msimamizi aliinama akalinusa lile doa. Niliona fimbo ya kuchungia, niliona njia ya vumbi ya Butiama, niliona maisha yangu yote yakifuata mikia ya ng'ombe.

"Ingia," alisema. "Ukae dirishani."

Tindikali niliidondosha tone kwa tone kwenye maji ya magadi yaliyotiwa dawa ya rangi, mpaka njano ikawa ya machungwa. Hapo nilikuwa sawa. Kisha swali likataka mlinganyo uliosawazishwa wa yale magadi na ile tindikali, na hesabu zote zilizofuata zilitegemea huo. Nikaandika. Nzi alikuwa ametua kwenye doa la koti, namfukuza, anarudi. Nilipotazama karatasi, nilikuwa nimeandika chumvi kama Na₂Cl.

Mkono ulikuwa umefanya wenyewe.

Nilitaka kuinuka niondoke. Badala yake nilikifuta kile kijinamba kwa mstari, polepole, nikaandika 2 kubwa mbele ya NaCl. Klorini zikawa mbili. Nikaweka 2 mbele ya HCl. Haidrojeni mbili hapa, mbili pale. Kaboni moja. Oksijeni tatu, tatu. Nilizihesabu mpaka kengele ikagonga.

Matokeo niliyafungua kwa simu ya shangazi, nimempa mgongo asinione uso. Mengine yalitosha. Kemia, C. Wanaodhani C ni ndogo hawajawahi kupata F.

Nilisoma Mwanza, nikarudi Mara na stashahada, nikapata kazi ya maabara. Nilipokusanya mshahara wa kutosha nilichukua likizo nikawarudishia watu vya watu. Shangazi, baiskeli mpya yenye kiti cha springi. Mwalimu wa Kabasa, kitabu cha toleo jipya. Wa bucha, koti jipya, nikamuuliza mbele ya wateja wake mayai anauza bei gani.

Mwisho nilikwenda Butiama na ng'ombe mtamba niliyemnunua mwenyewe. Baba mdogo hakunisalimu hata kidogo, alianza na mnyama. Akamzunguka. Akamkanda mgongo, akamfungua mdomo, akatazama meno. Nina diploma, nina mshahara, nina viatu vya ngozi, na bado nilishika kamba ya mtamba kama mtoto aliyetumwa. Angeweza kusema haitoshi. Mwaka wa mtu unaupimia wapi?

"Yule niliyemwajiri kuchunga alikuwa ananiibia maziwa," alisema.

"Pole, baba."

"Ulikuwa mwaka mrefu."

"Najua, baba."

Akampiga mtamba kofi la paja, mnyama akaingia zizini kwa wenzake. Niliinama nishike miti ya mlango nifunge, kama nilivyofanya utoto wangu wote. Baba mdogo akausukuma mkono wangu pembeni.

"Acha, nitafunga mimi. Utachafua viatu."