Tulivyomlisha Waziri Hadi Magoti Yakavimba

Sisi tuliokua Kitale miaka ile ya elfu mbili na kidogo, wakati simu ya tochi, ile mulika mwizi, ilikuwa mali ya baba na ikining'inia shingoni mwake kwa kamba, tulikuwa na kipimo kimoja tu cha afya, nacho ni tumbo. Mtoto mwenye tumbo ndiye aliyetunzwa. Mwembamba aliulizwa mbele ya wageni kama kwao kuna njaa. Mimi nilikuwa na tumbo la kutosha na mashavu ya akiba, na nikitumwa dukani pale Kibomet, mwenye duka alimpelekea Mama salamu za heshima. Ndiyo maana nikiwaona vijana wa leo wakikipiga chakula picha hadi kipoe, nacheka sana. Halafu namkumbuka farasi wetu, kicheko kinapungua.

Usiniulize watu wa Kibomet walitaka farasi wa nini. Baba alikuwa dereva wa lori la mahindi. Alienda kwenye mnada wa shamba moja kubwa nje ya mji, mwenye shamba akiwa anahama, kutafuta jembe la kukokotwa na ng'ombe. Akarudi na farasi jike mzee. Alivyotueleza, ati mnada mzima ulinyamaza farasi alipoletwa, naye akaona aibu kwa niaba ya farasi. Mama alimtazama farasi, akamtazama Baba, akaenda kupika. Baada ya miezi kadhaa jike yule akazaa, na Baba akazunguka mtaa mzima akitembea kama mtu aliyejua tangu mwanzo.

Mtoto wa farasi, bana, ni miguu tu. Miguu mirefu, na juu yake kamwili kadogo kanakoshangaa. Tulipomwona tuliingiwa na huruma, na huruma kwetu ilikuwa na njia moja, kupitia mdomoni. Baba alimletea mahindi yaliyomwagika kwenye lori. Mama, ambaye watu wake walihamia Trans-Nzoia kutoka upande wa kati na waliamini uji kuliko dawa, alimkorogea uji wa wimbi kwenye karai. Mama Zubeda, jirani yetu wa karibu na msikiti, alileta mahamri ya jana. Mzee wa nyuma ya ua alileta machicha ya busaa, ile pombe ya nafaka, akisema yamenenepesha nguruwe wake wote. Mimi nilijiteua mkuu wa lishe. Nilimega chapati yangu ya shule nikampa nusu, na nikirudi tulicheza mpira wa kati uani, yeye akikimbilia mpira kila ukirushwa. Hakuchukua muda akaota kitambi, tukamwita Waziri.

Kisha magoti yake yakaanza kutokeza. Yalivimba kwa juu, yakawa ya duara na magumu. Mtu mwenye akili angeuliza. Mimi nilitangaza darasani kwamba farasi wetu ameanza kuota misuli, nikawaleta wenzangu baada ya masomo waje waishike. Walipanga foleni. Niliwaonyesha kila goti kwa fimbo, kama mwalimu wa jiografia anavyoonyesha ramani. Hata alipoanza kusimama kwa ncha za kwato, akitembea kama mtu aliyevalishwa viatu vya Krismasi vya mwaka jana, nilisema ni madaha ya farasi wa mbio.

Asubuhi moja, shule zikiwa zimefungwa, Waziri hakuinuka kuja kwenye karai. Alilala anatutazama tu. Baba akampigia daktari wa mifugo, mama mmoja mwembamba aliyekuja kwa pikipiki kutoka Kiminini. Alipapasa magoti, kisha akauliza ni nani anayemlisha huyu. Tulijitokeza wote, mimi mbele, nikidhani tunapewa zawadi.

Alitueleza polepole. Mahindi na uji na machicha vinajaza mwili upesi, lakini havina madini ya kujenga mfupa. Mwili ulikuwa umekua na kuwa mzito kabla mifupa haijawa tayari kuubeba, na sasa ncha za mifupa zilikuwa zinaumia na kupinda. Akataka nafaka isimamishwe yote. Waziri ale nyasi, majani ya lusini kidogo, na chumvi ya madini iliyochanganywa na chokaa ya mifugo, anyonye mama yake, atembee taratibu mahali penye nafasi. Angerudi kumwona kabla shule hazijafunguliwa. Akamgeukia Baba.

"Mifupa yake bado michanga, inaweza kunyooka," alisema. "Ikikataa, nitakuja na sindano. Msimwache ateseke."

Hakuna aliyenifafanulia hiyo sindano. Nilimtazama Mama usoni nikaelewa, nikaenda kulia chooni ambako mtu alikuwa na faragha.

Kwetu hakukuwa na nafasi ya kutembeza hata kuku. Baba akawapakia farasi wote wawili kwenye lori, mimi nikapewa kazi ya kumlinda Waziri likizo nzima, tukateremka Bungoma, kwa Kukhu kule Kabuchai. Kukhu ni nyanya yetu, mama yake Baba. Huyo ndiye niliyemwogopa, kwa maana hakuna kiumbe aliyewahi kutoka uani kwake akiwa anaweza kuinama. Hata mtu aliyepotea njia alielekezwa baada ya ugali.

Nilipomweleza kwamba mgeni huyu halishwi, alinisikiliza kama anayesikiliza matusi. "Kwangu mtoto hapana lala njaa," alisema. Akaniuliza ni shule gani hiyo inafundisha kunyima. Majirani nao wakaja kumwona farasi, na huwezi kuja kumwona mtoto mikono mitupu. Walileta miwa, walileta viazi vitamu, walileta githeri ya mahindi na maharagwe. Mimi nilisimama langoni na kukizuia chakula chote. Lakini kukitupa ilikuwa dhambi, na kukirudisha ilikuwa matusi, kwa hiyo nilikila. Waziri akawa anapungua na mimi navimba, hata mtu akaniuliza kama ndimi niliyeletwa kunenepeshwa.

Mlinzi aliyeshiba ni mlinzi aliyelala. Siku moja mchana nilikuwa nimejinyoosha kivulini, miwa imenishinda nguvu, nikafumbua macho nikamwona Kukhu yuko kwenye ua, amefungua pembe ya leso yake iliyojaa mahindi ya kuchemsha, anaita kwa sauti ya chini. Waziri alimsikia. Akaanza kumkimbilia, akapiga hatua chache, miguu ya mbele ikakunjika, akaanguka kwa magoti yaleyale. Alijaribu kuinuka, akatetemeka, akaanguka tena. Na bado shingo aliinyoosha kuelekea leso.

Kukhu alibaki amesimama. Kisha akaifunga leso, fundo juu ya fundo. Jirani mmoja alikuwa anaingia na sufuria yake wakati huohuo. Kukhu akamzuia langoni.

"Rudi nayo," akamwambia. "Huyu hali."

Nadhani hilo neno halikuwahi kutoka kinywani mwake kabla ya siku ile. Tangu hapo mlinzi alikuwa yeye, mimi nikabaki mkata nyasi. Kila jioni Waziri alikuja kwenye ua akilia kuomba, na Kukhu aligeuza kigoda akampa mgongo, akaendelea kupukuchua maharagwe huku machozi yanamdondoka kwenye ungo. "Nyamaza, mwanangu," alisema bila kugeuka. "Ni mimi nimekunyima. Nichukie tu." Nilikaa kando yake nikitafuna, na kwa mara ya kwanza maishani chakula hakikunishuka vizuri.

Daktari alirudi alivyoahidi, safari hii hadi Kabuchai, na mfuko wa sindano begani. Alipapasa goti moja, akapapasa lingine. Akaomba tumtembeze. Waziri akatembea taratibu, akikanyaga na kwato zote. Kisha akamwona Kukhu ng'ambo ya shamba la miwa iliyokwisha kuvunwa, akaninyang'anya kamba, akakata shamba lote mbio hadi alipo, miguu imenyooka. Daktari akaurudisha mfuko kwenye pikipiki bila kuufungua. Kukhu alimkumbatia shingo akalia kwa sauti, na mimi nikamlilia mkiani.

Siku hizi maduka ya Kiminini yana chakula cha mifugo cha kila aina, na picha ya mnyama aliyenona juu ya gunia. Watoto wetu wanajua madini yote kwa majina kutoka kwenye simu. Mimi nina kijana wangu hapa Kitale, na daktari wa meno ameniomba, kwa upole wa mtu aliyekata tamaa, nipunguze kumpa vitamu. Jioni anakuja kusimama mlangoni mwa jikoni. Nami nageuka, nampa mgongo, najiambia leo ni leo. Kukhu, Mungu amrehemu, aliweza kukaa hivyo jioni nzima, siku baada ya siku, kwa kumpenda yule mnyama. Mimi nasikia kamasi ikivutwa mara moja tu, na mkono wangu tayari uko ndani ya bakuli la mandazi.