Jogoo Aliyeuzwa Mara Tano

Kuna Jumapili moja hunijia, mwanangu, kila nikisikia kanisa limeishiwa. Na siku hizi nasikia kila wiki. Juzi ulikuja kwangu na kamati yako, mkauliza mtapata wapi fedha za huduma wakati sadaka imepungua na waumini wenyewe wanakopa unga dukani. Nikasema nitawajibu kwa maandishi, maana kwa mdomo nachekesha sana, na jambo lenyewe halichekeshi.

Nilikuwa kijana, nauza mitumba pale njia panda ya Msata. Kwa huu mdomo wangu, wazee wa kanisa wakanifanya dalali wa mnada. Mnada wetu unaujua: asiye na pesa analeta alichonacho, muhogo, mayai, nanasi, kinawekwa mbele ya madhabahu, na ibada ikiisha kinauzwa nje. Mnunuzi mwenye moyo hulipa, halafu akasema, "Narudisha!" Kitu kinanadiwa upya. Mwaka ule mvua ilikataa, mahindi yakakauka yakiwa usawa wa goti, ukabaki mnada tu. Kamati ya ujenzi ilikuwa inatafuta mabati. Tuliyaombea mpaka tukawa tunamtajia Mungu geji, ule unene wa bati.

Mwinjilisti wetu alikuwa hajalipwa miezi mingi. Hakusema, nasi hatukuuliza, maana ukiuliza unaweza kujibiwa. Mkewe alikuwa amejifungua wiki ileile, na nyumba yao ilitazamana na uwanja wetu wa mnada.

Basi siku hiyo akaja Bibi Tabitha, mjane mfuga kuku, na jogoo mwekundu kwapani. Alikuwa anampeleka kwa mzazi, lakini kengele ilikuwa imeshalia, akaona apite ibadani kwanza. Mzee wa zamu mlangoni akampokea yule jogoo kama alivyopokea kila kitu, akamfunga miguu, akamlaza kando ya mananasi. Bibi akadhani atarudishiwa akitoka.

Mimi nikamnadi. Mwanangu, nilikuwa na raha siku ile! "Jogoo huyu anashika sauti kuliko kwaya ya kina baba! Nani zaidi?" Fundi baiskeli akanunua, akarudisha. Mwalimu naye hakutaka kushindwa na fundi baiskeli, akanunua, akarudisha. Mara ya tatu, mara ya nne, na kila mara nikihesabu noti mara mbili. Bibi Tabitha alikuwa amenyoosha mkono muda wote. Nikadhani anapandisha bei.

"Na bibi yumo! Bibi, unamnunua jogoo wako mwenyewe?"

Watu wakavunjika mbavu. Yeye akaja taratibu mpaka mezani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Huyo kuku ni wa mzazi."

"Mzazi yupi?"

"Mke wa mwinjilisti. Ni wa supu. Nimemleta aliwe, nyinyi mnamchezea mnada."

Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi akakohoa. "Bibi, kilichoingia kanisani kimeshakuwa sadaka. Mwinjilisti tutamfikiria kwenye bajeti."

"Hiyo bajeti ina mchuzi?"

Akanigeukia mimi. "Na wewe mwenye mdomo, hizo pesa umezihesabu mara ngapi?"

"Mara mbili, bibi."

"Na mle ndani wamekula mara ngapi tangu juzi?"

Sikujua. Nilijua bei ya kila nanasi pale uwanjani, hilo sikulijua.

Mwenyekiti akaniashiria niendelee kunadi. Aliyemnunua jogoo mara ya tano alikuwa Mzee Shomari, mwenye duka jirani, Mwislamu, ambaye hakukosa mnada wetu kwa sababu mananasi yetu yalikuwa rahisi kuliko ya sokoni. Mwenyekiti akamtazama kwa matumaini. "Mzee Shomari, unarudisha?"

"Kwenu sirudishi," akasema. Akamchukua jogoo, akavuka uwanja, akapiga hodi kwa mwinjilisti. Aliporudi mikono mitupu alinisogelea sikioni. "Jiko lao lina majivu ya juzi," akasema, akaenda zake bila hata kuchukua mananasi yake.

Supu ilipikwa. Mtoto hakufika arobaini.

Siwezi kukwambia kwamba jogoo yule, angefika asubuhi au wiki moja kabla, angemwokoa. Hesabu hiyo nimeipiga na kuirudia, haifungi. Mwinjilisti alimzika mwanawe, akapanda basi na mkewe kwenda kwao Lugoba, hakurudi. Mabati tulipata, tukaezeka. Jumapili ya kwanza chini ya paa jipya tuliimba wenyewe, tukaomba wenyewe, tukatazamana. Hakukuwa na wa kuhubiri.

Sasa nisikilizeni. Tulidhani jogoo yule ametuzalia mara tano, kumbe zilikuwa pesa zetu zilezile za unga, zimehama mfuko. Kanisa likiwa na njaa, lisitafune waumini wake. Uzeni kwa wapitao. Pale njia panda malori hayaishi, na dereva anataka chai ya moto, choo safi na maji ya kuoga. Analipa bila kuuliza dhehebu. Kina mama wetu walikuja kuanza hivyo baadaye, na kile choo kiliingiza kuliko kwaya. Nunueni viti na turubai, mkodishe kwenye harusi za dini zote. Kwenye msiba pokeeni watakachotoa, msibishane. Mimi napenda kupatana bei, lakini si na mfiwa. Eneo lenu likiwa na nafasi, pandeni muhogo.

Mnada msiufute. Ila kitu kikija na jina la mtu, kimfikie mtu huyo, hata kama kimepita madhabahuni. Na kabla hamjahesabu shilingi ya kwanza, mmoja wenu aingie jikoni kwa mtumishi wenu, aguse mafiga. Yakiwa ya baridi, mnada usubiri.

Mungu awaletee wateja wabishi wanaolipa, awawashie moto majiko ya wanaowahudumia, awalindie wazazi na vichanga vyao. Na awape aibu mapema, mwanangu. Sisi yetu ilichelewa.