Siku Baba Mkwe Alipofungwa Kamba

Baba mkwe wangu alikuwa mrina asali wa Litapunga, na kwao mtu anayeshona mfuniko wa kilindo, lile pipa la gome la mti tunalotilia asali, hasemi neno mpaka amalize. Asali ikisikia maneno, walisema, inachacha. Mimi mchuuzi sikuamini, ila sikubishana. Asali yake haikuwa ikichacha.

Mwaka ule tambi za kuwashia baruti zilipotea mgodini, na askari wakawa wanapekua kila mzigo uendao stesheni ya Mpanda. Mzee alikuwa uani kwangu, Ilembo, akishona kilindo cha tatu, kisu chake kando. Askari mmoja akasimamisha baiskeli.

"Mzee, humo mna nini?"

Mzee akavuta uzi.

"Nakuuliza wewe."

Sindano ikapanda, ikashuka. Nilipotoka ndani, mzee alikuwa amefungwa kamba mikono nyuma, na kilindo kimepakiwa juu ya baiskeli. Hofu yangu haikuwa asali. Waliopelekwa boma wiki ile kwa habari ya tambi, hakuwa amerudi hata mmoja.

"Afande, kosa lake nini?"

"Amekaidi."

"Amekupiga?"

"Hapana."

"Amekimbia?"

"Atakimbiaje naye amekaa?"

"Basi umefunga mikono miwili, na kosa hata moja silioni. Nimehesabu mara mbili."

"Wewe mchuuzi, hapa si sokoni."

"Ndiyo maana sijaomba upunguze. Naomba twende wote kwa sajini."

Njiani nilitangulia mbele. Mkwe hatazamwi akiwa katika hali ile, naye hakutaka nimwone.

Sajini alikuwa mtu mzima asiye na haraka. Alimsikiliza askari mpaka mwisho.

"Ulimwambia unatafuta nini?"

"Nilimuuliza, afande."

"Sikuuliza hilo."

Nikaeleza habari ya kushona.

"Kumnyamazia askari si kumpinga," sajini akasema. "Kamba ni ya anayepigana au anayetoroka. Mfungue."

Hakuishia hapo, na ningekuwa yeye nami nisingeishia, maana tambi zilikuwa bado hazijaonekana. Alimwambia mzee waziwazi kinachotafutwa, akamtaka afungue kilindo kwa mkono wake, akamwita mama mmoja muuza ndizi aje ashuhudie. Kijiti kikazamishwa mpaka chini, kikatoka na nta na nyuki mmoja aliyekufa. Viwili vilivyobaki kwangu navyo vipekuliwe, akaagiza, mbele ya mwenyewe. Karani akaandika: kilindo kimoja, kimepekuliwa, hakuna kitu. Nikaomba asome tena.

"Na kisu chake?" nikauliza.

Kilitoka mfukoni mwa askari. Kikaandikwa kimechukuliwa, chini yake kikaandikwa kimerudishwa, mzee akatia dole gumba.

Sisemi kwamba mambo yalikuwa hivyo kila siku. Kiti kile kikikaliwa na sajini mwingine, niliona watu wakifungwa kwa kukaza zaidi na kuulizwa kidogo zaidi. Lakini siku hiyo sajini alisema aliyekileta kilindo ndiye atakayekirudisha, na askari akasukuma baiskeli mpaka Ilembo, mfuniko wazi, nyuki wakimzunguka kofia.

Mzee alitembea kando yangu akisugua vifundo vya mikono.

"Mkwe," akasema, "twende taratibu. Nyie vijana hamjui asali ilivyo nzito."