Mwendesha mashine ya mbao aliyekataa kusaini uongo

Saa moja asubuhi, katika shamba la misonobari nje kidogo ya Lusahunga, Clarisse Irambona anasukuma leva, mpini wa kuongozea mashine ya kupasulia mbao. Mikono miwili ya chuma inainuka polepole, inabeba gogo la futi kumi na mbili kuelekea juu ya mashine. Anaiachia leva. Inarudi katikati yenyewe, na gogo linasimama pale pale.

"Umeona? Ukiachia, inasimama," anasema. "Waliotengeneza hii mashine walifikiria roho za watu."

Clarisse, mama wa watoto watatu, ana miaka 36. Kazi yake ni kuendesha mikono hiyo inayosukumwa na mafuta: kunyanyua gogo, kuligeuza na kulibana, ndipo msumeno upite. Mashine yenyewe ina magurudumu, huvutwa na gari kutoka shamba hadi shamba, leo Biharamulo, wiki ijayo Ngara. Analipwa shilingi 12,000 kwa siku. Alijifunza kwa kutazama, enzi akiwapikia wapasuaji mbao. Sasa wanamwita fundi, na hawamtanii.

Mwezi wa tatu mwaka huu tajiri wake, Alfonce, alipunguza watu. Mtu wa kuondoa mabanzi, yaani vipande vya pembeni vya gogo, akarudishwa nyumbani. Kazi yake akaongezewa Clarisse. Sasa mtu mmoja atashikaje leva na kubeba mabanzi? Alfonce alikata ukanda wa tyubu ya baiskeli, kama ule ambao Ngara nzima hufungia mikungu ya ndizi, akaifunga leva ibaki imesukumwa. Gogo likawa linapanda lenyewe, Clarisse akiwa na mabanzi begani.

"Nilimwambia, tajiri, hii ni hatari. Akanijibu, ndizi mnafunga kwa mpira kila siku, zimemuua nani?"

Inatia hasira kwamba jibu la kipuuzi namna hiyo lilitosha kwa miezi miwili. Clarisse mwenyewe alilikubali, na hafichi.

Asubuhi moja ya mwezi wa tano, gogo lilipanda kupita kiasi, likavuka na kuporomokea upande wa pili. Huko alikuwa Danstan, mpasuaji mwenzake, akizoa unga wa mbao. Mguu ulivunjika mahali pawili. Clarisse alikuwa hatua kumi kutoka kwenye leva.

Kabla hata ya kutafuta gari la kumpeleka majeruhi hospitali, Alfonce aliufungua ule mpira akautia mfukoni. Mtu wa mabanzi naye amerudishwa kazini, kimya kimya.

Kisha Alfonce akaleta karatasi. Inasema Danstan aliumia kwa uzembe wake, kwa kusimama mahali pasiporuhusiwa. Clarisse ametakiwa asaini kama shahidi, mwisho Jumamosi hii.

"Ananiambia, ukitaja mpira, wewe ndiye uliyekuwa kwenye leva. Tena watakuuliza na uraia wako."

Wazazi wake walikuja kutoka Burundi. Yeye amezaliwa Murukulazo, wilayani Ngara. "Kitambulisho cha taifa ninacho. Uraia wangu na mguu wa Danstan vinahusiana nini?" anauliza, na hapo sauti inapanda kushinda injini.

Kwa simu, Alfonce hakuzungumzia mpira. "Ajali kazini ni kawaida. Huyo mama nimemtoa jikoni mimi," alisema, akakata.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Danstan hapewi hata hiyo.

Jumapili iliyopita Clarisse alibeba maharage akaenda kumjulia hali. Mama yake Danstan alimpokea mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Eti ni kweli kijana wangu alikuwa mzembe? Tajiri wao alikuja kutuambia."

Clarisse anasema alitua maharage chini ndipo akajibu. "Nikamwambia, hapana, mama. Leva ilifungwa, na mimi nilinyamaza. Alilia, nikalia naye. Hakunifukuza."

Ijumaa anapanda basi kwenda kwa ofisa kazi wa serikali, kueleza ilivyokuwa. Karatasi ya Alfonce anayo, haijasainiwa. Huenda akirudi atakuta leva ina mtu mwingine, naye arudi kwenye masufuria. Amekwisha kuwaambia wanawe wajiandae kwa hilo.

"Nitaanza na kosa langu," anasema. "Nikishalitaja mwenyewe, tajiri atanitisha na nini?"